Jina lako likae kwenye mkoba wenyewe

Ukiuza kazi ya mikono, mteja wa kwanza unaweza kumpata kwa bahati tu. Kapita, kaona, kapenda, katoa hela. Kazi ya chapa inaanzia kwa mteja wa pili, yule aliyeuona mkoba wako begani kwa mtu harusini akauliza, "Shoga, huu umeupata wapi?" Akijibiwa "kuna dada mmoja anauza pale Mwenge", biashara hiyo imeshapotea. Madada wanaouza Mwenge, soko la kazi za mikono hapa Dar es Salaam, ni wengi, na hata mimi ninayewajua nikitumwa kwa maelezo hayo sitampata anayetafutwa.

Nauza mikoba na vikapu vya ukili, yaani utepe uliosukwa kwa ukindu, majani ya mkindu, hapa Dar es Salaam. Ukili unasukwa na kinamama wa Rufiji na Pemba. Bitana, zipu na mikanda ya ngozi tunamalizia mjini. Wanaoanza biashara hii huniuliza sana habari za nembo: nani awachoree, rangi gani, maandishi ya namna gani. Nami huwauliza: mkoba ukishatoka mkononi mwako ukafika Mwanza au Muscat, una kitu gani juu yake kinachosema umetoka kwako? Kama hakuna, nembo nzuri iliyoko kwenye simu yako haitamfikisha mtu kwako.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na mfano mzuri wa jambo hili. Chukua khanga ya Mali ya Abdulla. Biashara hiyo ilianzishwa Mombasa mwaka 1887 na Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimwita Abdulla. Herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla" yalichapwa kwenye kitambaa chenyewe, kwa herufi ndogo, mbali na jina kubwa la khanga ambalo kila mtu analisoma. Khanga ikatwe, ipindwe, ifuliwe, apewe mwali, arithi mjukuu, maneno yale yapo. Hayakuhitaji karatasi ya kufungia wala muuzaji wa kuyaeleza. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado kuna watu wazima wanaoingia dukani wakaulizia Mali ya Abdulla kabla hawajatazama maua.

Mfano wa pili una somo gumu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na hiyo ni heshima kubwa kwa nchi. Lakini mweke hapo kijana anayeanza kuchora mwaka huu. Mgeni anaijua Tingatinga, yeye hamjui, na akirudi mwakani atanunua kwa yeyote mwenye twiga na chui ukutani. Nawapenda sana wachoraji hawa na nimewatazama kwa muda mrefu. Wanaosimama ni wale ambao ukiona namna wanavyotia madoa ya ndege tu, kabla ya kutazama sahihi kwenye kona, umeshajua ni nani.

Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: jina juu ya kazi, na mkono unaotambulika ndani ya kazi.

Jina ni lebo. Isiwe ya karatasi ya kuning'iniza peke yake, kwa sababu hiyo inakatwa siku ya kwanza. Tafuta lebo ya kitambaa iliyofumwa, ishikwe ndani ya mshono wa bitana, pembeni ambapo mtu akifungua kutafuta funguo ataiona. Iwe na jina la biashara, mji, na namba ya simu. Namba ya simu wengi hawaiweki wakidhani inaharibu urembo. Iweke. Nimepokea simu kutoka kwa watu ambao sijawahi kuwauzia, waliosoma namba hiyo ndani ya mkoba wa shangazi au wa mfanyakazi mwenzao, na wateja wa namna hii ndio wenye ubishi mdogo kuliko wote, maana bidhaa wameshaishika.

Halafu kuna watakaoitoa lebo yako. Duka moja la zawadi nililokuwa nalipelekea mikoba kwa mali kauli, yaani wauze kwanza ndipo wanilipe, lilikuwa linakata lebo zangu na kushona zake. Niliuona mkoba wangu dukani ukiwa na jina la mtu mwingine na bei karibu mara mbili. Bei haikuniuma, duka lina kodi yake. Kilichoniuma ni kwamba kila mkoba uliouzwa pale ulikuwa unamjengea jina mtu ambaye hajawahi hata kuchana ukindu. Nikakaa na kinamama tukatafuta dawa. Sasa kila mkoba wetu una mzunguko mmoja wa ukili, wa tatu kutoka mdomoni, ambao ndani ya chane nyeupe, vile vipande vyembamba vya ukindu, umeingizwa mstari mwembamba wa kijani. Unaanzia kwenye mkanda wa kushoto na kuzunguka hadi wa kulia. Mkasi hauutoi mpaka ufumue mkoba. Gharama yake ni chane chache za rangi zinazochemshwa pamoja na nyingine, na msukaji akishazoea haimchukui muda. Wateja wameanza kuutambua. Mmoja alinitumia picha ya mkoba alioukuta Nairobi akiuliza, "Dada, huu si wako? Naona ule mstari."

Tafuta mstari wako. Kwa mfinyanzi unaweza kuwa alama ya kidole chini ya kitako kabla ya kuchoma. Kwa mchongaji ni namna anavyomalizia msingi wa kinyago. Kwa mwenye kutengeneza shanga ni ushanga wa mwisho karibu na kifungo. Uwe mdogo, uwe mahali palepale kila mara, na usiubadilishe kwa sababu umechoka kuutazama. Wewe unauona kila siku, mteja anauona mara moja kwa mwaka.

Jina lenyewe la biashara lichague kwa sikio. Litamke kwenye simu mtandao ukiwa mbaya, halafu mwambie uliyempigia aliandike. Akilikosea, badilisha mapema. Epuka pia majina kama "Vikapu Bora" au "Ukili Asilia". Hayo ni maneno ya wote, huwezi kuyafanya yako peke yako. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno "kikoy" liwe alama yake ya biashara, neno ambalo wafumaji na wavaaji wa pwani wamelitumia vizazi na vizazi. Wakenya walilipinga ombi hilo kwa nguvu, likaishia njiani. Tulifurahi wote. Basi na sisi tusijenge biashara juu ya neno ambalo jirani ana haki nalo sawasawa.

Ukishalipata, lifanane kila mahali, na hapa nina jambo ambalo silioni likisemwa. Angalia jina linalotokea mteja anapolipa kwa lipa namba. Mtu ameona picha Instagram, amekubali bei, ameingiza namba, na kabla ya kuweka neno la siri simu inamwonyesha jina la mwenye namba. Kama ukurasa wako unaitwa hivi na pale pametokea jina la mume wako, au la duka la vocha la kaka yako, anasita. Matapeli wamewafundisha watu kusita, na wana haki. Wengine watakuuliza, wengi watafuta tu na kuondoka, wala hutajua kwa nini. Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina lilelile lililo kwenye lebo inauza kuliko tangazo.

Na bei iandike. Hii tabia ya "bei njoo inbox" inaniudhi kweli. Mteja wa mikoba anatazama simu usiku watoto wakiwa wamelala, hana muda wa kuja kuomba bei na kusubiri jibu asubuhi. Asipoiona, anadhani ni ghali, au anadhani utamwangalia sura kwanza. Wasiwasi wa pili ndio mbaya zaidi. Biashara nyingi za sanaa mjini kwetu zina bei ya mgeni na bei ya mwenyeji, na najua kwa nini zilianza hivyo. Lakini siku hizi mgeni na mwenyeji wamo kwenye kundi moja la WhatsApp, wanatumiana picha na risiti. Mimi bei yangu ni moja. Kupatana ni desturi yetu na sitaki kuwanyima watu raha yake, kwa hiyo nimeacha mlango unaojulikana: anayechukua mitatu anapunguziwa, na punguzo hilo nimeliandika.

Ili usimame kwenye bei, uijue inatoka wapi. Andika kila kitu: ukindu, rangi, malipo ya msukaji, malipo ya fundi, bitana, zipu, ngozi, nauli ya mzigo kutoka Rufiji, lebo, bando, na mshahara wako wewe. Huo wa mwisho ndio watu hawauandiki, halafu wanashangaa biashara inakwenda na wao hawana kitu. Ukiwa na karatasi hiyo, mteja akisema "mbona Kariakoo ni rahisi", hutaingiwa na hofu. Utamweleza msukaji analipwa kiasi gani kwa kila pima ya ukili, naye ataamua.

Kuhusu picha sina mengi. Piga asubuhi karibu na mlango uliofunguliwa, nyuma pawe peupe au ukuta wa kawaida, na usitie vichujio, kwa sababu zambarau ya ukindu ikigeuzwa kuwa waridi mteja atakurudishia mkoba na atakuwa na haki. Piga moja mtu akiwa ameubeba ili ukubwa uonekane, na moja ya karibu kabisa kwenye mshono.

Hadithi ya kazi yako isimulie, lakini usiuze umaskini wa wanaokusukia. Naona matangazo yenye picha za kinamama wamekaa vumbini, chini yake maneno kwamba ukinunua mkoba unamwokoa mjane. Kinamama ninaofanya nao kazi wanajua kugawanya ukindu kwa ukucha mpaka chane zote zikatoshana bila kupima. Wanajua rangi ipi itashika na ipi itavuja. Huo ni ustadi, na ustadi ndio unaolipiwa. Mteja anayenunua kwa huruma hununua mara moja, akishatoa sadaka amemaliza. Ukitaka kuweka picha ya msukaji, muombe ruhusa, mwonyeshe picha yenyewe, na muulize kama angependa jina lake liandikwe. Wapo wanaotaka, na nimeona jinsi anavyobadilika msukaji anayejua jina lake linasomwa mahali fulani. Wapo wasiotaka, na hao waachwe.

Kitu kingine kinachojenga jina ni kile kinachotokea mkoba ukiharibika. Masika ya huku ni adui wa ukili. Mkoba ukiwekwa kabatini ukiwa na unyevu, madoa meusi ya ukungu yanaanzia chini kwenye kitako, na mteja akiyaona atasema umemuuzia kitu kibovu. Ndani ya kila mkoba naweka kikaratasi cha khaki: usiuloweke, ukipata maji uanike kivulini penye upepo, usiufungie ndani ya nailoni, ukiota ukungu usugue kwa brashi kavu kisha uache upigwe na hewa. Chini yake nimeandika kwamba mkanda ukikatika tunautengeneza. Wachache sana wameleta mikanda, ila wengi wamenitajia kile kikaratasi. Na usifungashe mzigo kwa mfuko wa plastiki wa kubebea. Mbali na kwamba mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, inafungia unyevu ndani, na kwa ukili safari ya basi ya usiku mmoja inatosha kuleta harufu.

Usajili ukaushughulikie mapema, kabla jina halijawa na thamani ya kuibiwa. Kwa Tanzania Bara unakwenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na ujue kwamba jina la biashara na alama ya biashara ni vitu viwili. Jina la biashara linakuwezesha kufanya biashara kwa jina hilo na kufungua akaunti. Alama ya biashara ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwingine kuibandika kwenye bidhaa zake. Inasajiliwa kwa daraja, yaani kundi la bidhaa unazouza, inadumu miaka 7 ya kwanza, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Usajili wa Bara hauvuki bahari. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, na kama unauza Stone Town itakubidi uende huko pia.

Kama mwezi huu una hela ya jambo moja tu, agiza lebo za kitambaa. Mchoraji wa nembo anaweza kusubiri, jina lililoandikwa kwa herufi safi linatosha kwa kuanzia. Namba utakayoiweka iwe ya laini ya biashara, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, na uiwekee salio hata miezi ambayo huuzi, kwa sababu laini isiyotumika hufungwa na kupewa mtu mwingine, na mikoba yako itaendelea kumpigia yeye.