Usilipe kabla hujavua kitambaa cha spika

Usilipe. Kama umeshatoa advansi, nenda kaidai leo kabla duka halijafungwa, ndipo urudi usome yaliyobaki.

Swali lako nimelisoma lote, mkuu. Uko Makorora hapa Tanga, sebule futi 12 kwa 14, una amplifaya ya wati 40 kila upande, umeona pea ya spika ndefu za mtumba pale Ngamiani, wufa mbili kila moja, yaani zile spika kubwa za ndani zinazotoa besi, laki nane. Unauliza ununue waya gani, uziweke wapi, kama utahitaji na sabufa, na kama TV itaingia. Sawa. Ila katikati umepitisha kasentensi kamoja kama vile si kitu: "muuzaji anasema kitambaa cha mbele hakivuliwi, kimegandishwa tangu kiwandani." Hapo chai yangu ikapoa. Maneno hayo hayo niliambiwa mie mwaka 2018, na mpaka leo hesabu yake imesimama kwenye milioni moja na laki tatu.

Mie niko Chumbageni. Mwaka ule zamu yangu ya mchezo ilikuwa ya mwisho, nikashika milioni na ushee. Mama Zuhura alikuwa ameshapima kona ya friji jikoni kwa futi kamba, mara mbili. Nikamwambia friji itakuja tu, barafu ya jirani tumeinunua miaka yote na hatujafa. Mnisamehe, nimekulia kwenye nyumba ya kanda. Mzee wangu alikuwa nazo za Atomic Jazz na za Black Star, bendi za hapa hapa Tanga, lakini redio yenyewe ilikuwa na spika ya ukubwa wa kisahani cha kikombe. Gitaa la besi nililijua kwa kusimuliwa. Nikasema safari hii nitalisikia.

Duka silitaji. Mwenye duka alinipa kiti na soda baridi, na mtu mwenye akili angeondoka pale pale, soda ya bure Ngamiani unaijua wewe? Spika zilikuwa zinang'aa, zimefutwa na mafuta, zinanifika kiunoni. "Hizi kaka zimetoka Ujerumani, zilikuwa za mzee mmoja anasikilizia taarifa ya habari tu. Hazijachoka hizi." Nikauliza naweza kuona wufa zenyewe. "Kitambaa hicho hakivuliwi, ukivuta unakata plastiki, na ukivunja umenunua." Basi mie, mtu mzima na ndevu zangu, nikaogopa kitambaa.

Akawasha. Bongo fleva, sauti chini, besi kaipunguza, nje bodaboda zinapishana. Nikasikia mlio safi. Kwa sauti ile hata debe lingelia safi. Watu husema fulani kapigwa saundi; mie ndiye pekee ninayemjua aliyepigwa saundi akiwa amekwenda kununua saundi. Nikamhesabia laki tisa na nusu, nikakodi guta, nikazifunga kwa kanga za Mama Zuhura bila kumuuliza, nikawa natembea pembeni nimezishikilia kama nasindikiza maiti. Kumbe ndivyo ilivyokuwa.

Siku mbili raha mustarehe. Ijumaa jioni nikaweka dansi la zamani, nikafungua sauti hadi nusu. Gitaa la besi likaingia, na mimi nikafumba macho. Halafu ikaanza krrr, krrr, kama karatasi iliyonasa kwenye feni. Tanga tunajisifu waja leo waondoka leo, sasa na besi nayo?

Nikachukua kisu cha siagi nikakipenyeza pembeni ya kitambaa. Pa! Kikatoka chote. Nyuma yake kuna vijiti vinne vya plastiki, vinachomekwa kwenye matundu manne, unavua na kurudisha hata mtoto anaweza. Tone la gundi halikuwepo. Gundi yote ilikuwa kwenye wufa.

Sasa sikiliza hapa vizuri maana ndipo pesa yako ilipo. Tazama wufa yoyote: kuna karatasi ya katikati, ile inayocheza mbele na nyuma, na kuna pete laini inayoizunguka, inayoishikilia kwenye chuma. Pete hiyo inaweza kuwa ya mpira, ya kitambaa kilichokunjwa, au ya sponji. Zangu zilikuwa sponji. Nikagusa kwa kidole cha shahada, bila kubonyeza wallahi, kidole kikazama kama kwenye andazi lililolowa chai. Nilipokitoa kilikuwa na chembe nyeusi zinazonata, na pale nilipogusa pamebaki tundu. Wufa mbili za chini zilikuwa zimechanika karibu nusu ya mzunguko, mtu akazipaka gundi ya viatu, juu yake akapitisha rangi nyeusi. Yaani alivua kitambaa, akaona, akapaka, akasubiri ikauke, akarudisha kitambaa, akaninunulia soda.

Na yule mzee wa Kijerumani wa taarifa ya habari, hata kama alikuwepo kweli, hasaidii kitu. Sponji ile haifi kwa kupigwa muziki. Inaliwa na unyevunyevu na mwanga, inaoza yenyewe ikiwa imesimama kimya chumbani, miaka 10 hadi 20 hivi imekwisha. Spika nyingi tu za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa hivyo, hata za majina makubwa kama JBL na Infinity, na haikuwa ulaghai. Sponji ni nyepesi, inaiachia karatasi icheze, besi inatoka tamu. Walichotengeneza ni kitu cha kubadilishwa, kama matairi. Sasa chukua tairi hilo lenye miaka 30, lipitishe baharini ndani ya kontena, liweke dukani kwetu hapa ambako msumari unaota kutu ukiwa bado kwenye pakiti. "Haijatumika sana" maana yake nini hapo?

Nilimrudia. Soda haikutoka. Akaniambia "ulikivua kitambaa, kaka, waranti imekufa." Waranti ya mtumba! Ndipo nilipojua kwamba risiti yenyewe ameandika "spika 2" basi, na nambari ya simu inakosa tarakimu moja.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepoteza laki tisa na nusu tu, ningelia kidogo nikalala. Lakini mie nikampelekea fundi. Mzee wa watu, shikamoo yake naitoa mpaka leo, redio za kaseti hakuna anayemshinda. Akasema sponji hizo Tanga hazipo, tuweke mpira wa ndani wa baiskeli, haufi huo. Elfu sitini kwa wufa zote nne. Kweli haukufa. Ila ni mgumu na ni mzito, karatasi ikawa haitaki kucheza, besi ikapotea kabisa, spika ya kunifika kiunoni ikawa inalia kama simu.

Kibaya zaidi, moja aliikalisha upande. Nyuma ya karatasi kuna koili, waya mwembamba uliozungushwa, unaocheza ndani ya mwanya wa sumaku, na nafasi iliyobaki kila upande haifiki milimita moja. Karatasi ikikaa upande kidogo tu, koili inasugua chuma. Ikasugua wiki tatu. Mie nasikia mkwaruzo, najiambia ni kanda za zamani. Siku moja nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa kwenye nguo, amplifaya ikazima, na haikuwaka tena. Waya wa koili ulikuwa umechunika mpaka ukapiga shoti, transista za amplifaya zikaungua nayo. Laki moja na elfu kumi kuirudisha.

Ndipo nikaagiza sponji mpya nne kutoka Dar, za kipimo chake hasa, na gundi yake, na fundi mwingine anayejua kukalisha koili katikati kabla gundi haijashika. Laki na themanini, yote pamoja. Jumlisha: 950,000, na 60,000, na 110,000, na 180,000. Na kwa pesa hiyo nimepata wufa tatu nzima, na ya nne tumechomeka ya aina nyingine kwa sababu koili yake ilikuwa majivu. Kwa hiyo kushoto kunaimba bendi, kulia kunaimba bendi nyingine.

Halafu masika ikaingia maji kidogo chini ya mlango, kitako cha spika moja kikavimba kama mkate wa mofa. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mie hata kipande cha mti sikukipata, ni unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi.

Na nisisahau, kuna mjuzi wa humu humu jukwaani aliyenitia kichaa kabla sijaenda dukani. Akaandika "spika ndefu ndiyo baba lao, urefu ndiyo besi." Nilimwamini kwa sababu alikuwa na nyota nyingi chini ya jina. Urefu ni boksi tu bwana. Boksi kubwa linaisaidia wufa nzima kushuka chini zaidi, ni kweli, ila wufa iliyooza ndani ya kabati la futi nne ni kabati la futi nne. Yule nilipomrudia na picha akanijibu kwa kikaragosi cha kucheka.

Haya, kesho nenda mchana, si jioni, jua likiwa linaingia dukani, na tochi ya simu juu. Mwambie avue kitambaa yeye mwenyewe kwa mikono yake, vyote viwili. Akisema hakivuliwi, mwage, usibishane, usinywe soda. Akivua, tazama pete zote nne mzunguko mzima, siyo za juu tu, maana za chini ndizo zinazofichwa. Mpira ukiufinya unarudi, unang'aa kidogo au una vumbi, hauachi rangi kidoleni. Sponji ni laini na ina vitundu kama godoro. Ikiwa ni sponji, hata kama bado inashika, hesabu kwamba unanunua spika na pete nne mpya, na bei ishuke kiasi hicho. Ukiona mng'ao mweusi wa gundi popote pale, ondoka.

Kisha weka vidole vya mikono miwili pande mbili za karatasi, sukuma taratibu sana, sawasawa, kama unajaribu keki imeiva. Weka sikio karibu. Iende na kurudi kimya. Ukisikia hata mkwaruzo mdogo, koili inasugua. Nenda na betri moja ya saa ya ukutani na vipande viwili vya waya, gusisha nyuma ya spika mara moja tu na uachie, karatasi zote za wufa lazima ziruke. Mwenye mita ya umeme apime: spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) inasoma kama 6 hivi, ya omu 4 inasoma 3 na ushee. Ikisoma sifuri au haisomi kabisa, ni pambo. Mwisho kabisa ndiyo uwashe, na uwashe wimbo wako, wenye besi unayoijua, sauti hadi pale utakapoifungua nyumbani. Akisema majirani watalalamika, mkumbushe yuko Ngamiani.

Wati 40 zinakutosha kwa chumba hicho, usiruhusu mtu akuuzie amplifaya iliyoandikwa wati elfu mbili PMPO, namba hiyo ni ya kupamba boksi, tafuta iliyoandikwa RMS, yaani nguvu inayoitoa muda wote. Ila ikianza kukoroma ukiipandisha, shusha, amplifaya iliyozidiwa ndiyo inayounguza twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Waya, wa shaba wa kawaida unene wa milimita za mraba moja na nusu, basi, usipigwe huko tena.

Friji ilikuja mwaka 2021, kwa zamu ya mchezo ya Mama Zuhura mwenyewe, ambayo hakuniambia hata aliipokea lini. Spika moja imebeba chungu cha mualovera. Nyingine imebeba redio ninayosikilizia, ina vispika viwili vya mezani vya kushika mkononi, pete za mpira, nimezibonyeza zote mbili mbele ya muuzaji mpaka akaniuliza kama mimi ni daktari.

Piga picha za pete hizo nne kwa karibu, na tochi, uzitupie hapa kabla hujatoa hata shilingi. Picha ya kitambaa usilete.