Usiloweke karatasi ya rangi za maji kwenye maji ya moto usiku kucha

Mkuu, weka hilo birika chini kwanza. Umeandika una karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, leo usiku unailaza kwenye maji ya moto hadi asubuhi "ilainike", kisha unaibana ubaoni kwa tepu ya mafundi rangi ili ikauke imenyooka, isifanye mawimbi ukiipaka rangi. Karatasi umeinunua kwa bei ile, halafu unataka kuiua kabla haijaonja rangi!

Karatasi si maharage. Pamba yenyewe inanywa maji bila breki. Kwenye karatasi nyingi nzuri, kinachozuia rangi isizame ni gelatini iliyopakwa kiwandani. Ndiyo inayoifanya rangi ikae juu, ing'ae, na ukikosea uweze kuinyanyua kwa brashi yenye maji. Kwenye maji baridi gelatini huvimba tu. Kwenye maji ya moto huyeyuka na kubaki beseni, na aliyewahi kutengeneza jeli hahitaji kuelezwa zaidi.

Ubaya ni kwamba asubuhi karatasi itaonekana nzima kabisa, nyeupe, haina hata doa. Balaa utaliona ukigusisha brashi. Tone linanywewa papo hapo, ukingo wake unaota manyoya, bluu uliyoikoleza inakauka imefifia, na ukijaribu kuifuta unang'oa nyuzi. Ukibandua ile gundi ya kukinga sehemu nyeupe, inaondoka na ngozi ya karatasi. Hapo utalaumu rangi, utanunua nyingine, nazo zitazama vilevile. Kuna wanaoipaka upya gelatini ya jikoni, lakini ikikaa mabakamabaka una kazi mara mbili.

Na wale wanaorusha video za "siri ya maji ya moto" mtandaoni, hebu waangalie vizuri. Video inaishia pale karatasi inapobanwa ubaoni. Picha iliyopakwa juu yake huioni ng'o! Sijui wanafanya usanii au ufuaji.

Fanya hivi: maji baridi ya bomba, beseni lisilo na mabaki ya sabuni, saa mkononi. Gramu 190, dakika 3 hivi. Gramu 300, dakika 5 hadi 8. Kunja kona kidogo: ikirudi yenyewe, bado, ikibaki imeinama, itoe, ishike kona moja ichuruzike. Zipo karatasi zilizotiwa dawa ya kuzuia maji ndani ya rojo lenyewe linalotengenezewa karatasi, hizo huvumilia zaidi, lakini pakiti haisemi kila mara. Kwa hiyo zote zihesabie dakika.

Tepu ya mafundi rangi haishiki karatasi mbichi, isahau. Tafuta utepe wa karatasi wenye gundi kavu inayoamka kwa maji, upana sentimita 5, na ukate vipande vinne kabla hujalowesha chochote. Pitisha sponji yenye unyevu mara moja tu; ukiuchovya chapachapa, gundi yote inaoshwa. Nusu ya upana ikae kwenye karatasi, nusu kwenye ubao. Ubao uwe plaiwudi ya milimita 12, maana karatasi ikisinyaa huvuta kwelikweli na kibao chembamba hupinda. Ulaze chali kivulini. Ukiusimamisha, maji yanashukia ukingo wa chini na utepe unaachia. Draya ya nywele irudishe kwa mwenyewe. Mawimbi yakitokea njiani usiguse, yatanyooka yakikauka.

Ukiona napiga kelele bure, kata vipande viwili pembeni mwa karatasi hiyohiyo. Kimoja kikae maji ya moto usiku kucha, kingine maji baridi dakika 6. Vikikauka, dondoshea kila kimoja tone la bluu, halafu rudi hapa na picha.