Raha haikuhamia Uingereza, mwanangu

Mwanangu, ile sauti yako ya dakika nne nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza ndani ya basi, ya pili nimekaa kitandani sare ya kazi ingali mwilini. Umesema, "Shangazi, wewe ulitoka mapema ukapumzika. Sisi huku Kenya siasa zimetumaliza. Nifanyie mpango nami nije nipate raha kidogo." Kwenye kundi la ukoo wenzako wakaitikia, na mmoja akaongeza kuwa huku serikali inamlea mtu. Siku ile sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo nakujibu, na wengine nao wasome.

Baridi mnaijua. Kuosha wazee mnajua. Pesa ninazotuma mnazijua vizuri zaidi. Nitasema la makaratasi, kwa sababu hilo ndilo linalonila na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nilikuja 2023 kwa viza ya kazi ya kutunza wazee. Viza hii humfunga mtu kwa mwajiri kama mbuzi na kigingi. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya kuleta wafanyakazi kutoka nje, mimi ambaye sikukosa lolote hupewa siku 60 nipate mwajiri mwingine au nifungashe. Kwa hivyo ukiitwa zamu ya usiku juu ya zamu ya mchana, unasema ndiyo. Ukitukanwa unasema asante. Hesabu yangu ilikuwa miaka mitano, 2028 niombe ukaazi wa kudumu nipumue. Mei 2025 serikali ikatangaza kuwa inataka iwe kumi. Novemba mwaka huohuo likaja pendekezo la miaka 15 kwa kazi za daraja letu. Na tangu tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri watunza wazee walio nje ya nchi umefungwa, kwa hivyo huo mpango unaoniomba, babangu, sina pa kuufanyia. Wakala atakayekwambia upo anakitaka kiwanja cha babako.

Sasa niambie, hizo si siasa? Wanasiasa wa huku neno "wageni" haliwatoki mdomoni, na mgeni ni mimi.

Naishi Middlesbrough, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Mwisho wa Julai 2024 watoto watatu wa kike waliuawa mji wa Southport kwenye darasa la densi. Mitandaoni ukaenezwa uwongo kuwa muuaji ni Mwislamu mtafuta hifadhi, na fujo zikashika mji baada ya mji. Jumapili ya tarehe 4 Agosti zikafika kwetu. Watu walivunja madirisha ya nyumba, wakachoma magari, na wengine walisimama njiani wakiyazuia magari kuuliza dereva kama ni mzungu. Mimi nilikaa sakafuni chini ya ngazi, taa nimezima, simu nimeilaza uso chini isitoe mwanga. Nikamkumbuka mama.

Likoni, Mombasa, Agosti 1997, nilikuwa na miaka kumi. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi kilivamiwa, kisha watu wa bara wakawa wanafukuzwa na kuuawa, na wengi wakakimbilia kanisa Katoliki. Mama aliwaingiza wasichana wawili wa jirani, watu wa bara, kwa mlango wa uani, akatia komeo. Usiku aliwasha koroboi, akaiweka chini, akamwaga vijiwe vyake vya mdako. Alikuwa hodari, mama. Anarusha kile kimoja juu, anakomba vinne kwa mpigo, anakidaka huku anakutazama wewe usoni. Yule msichana mdogo, ambaye tangu jioni hakuwa ametamka neno, alicheka mama alipokosa. Nadhani alikosa makusudi. Kwa miaka mingi nilidhani mama hakuelewa hatari iliyokuwa nje ya mlango. Kumbe aliielewa kutushinda sote, na ndiyo sababu akatoa vijiwe.

Asubuhi baada ya zile fujo za huku nilichungulia nikaona watu barabarani, mamia, wamebeba mifagio na mifuko ya taka. Nilikaa nyuma ya pazia kitambo. Halafu nikafunga mtandio nikatoka. Mama mmoja mzungu, mtu mzima, alivua glavu moja akanipa, akabaki na moja. Hakuniuliza natoka wapi. Tukaokota vioo mpaka mgongo ukauma, na wallahi siku ile ndiyo siku ya kwanza nilijiona nina majirani Uingereza.

Na sasa nikwambie la aibu. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi, ulinitumia picha kutoka mjini Mombasa. Mlibeba makuti mabichi, mnapuliza vuvuzela na kupiga ngoma, na wewe jani la mnazi liko begani, umecheka mpaka magego yanaonekana. Niliitazama picha ile nimejifungia chooni kazini, nikalia. Siku hiyohiyo Nairobi watoto wa wenzetu walikuwa wanapigwa risasi. Kesho yake rais akasema hatatia sahihi ule Mswada wa Fedha. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nabadilisha mashuka ya watu huku natuma mioyo kwenye simu. Niliwaonea wivu. Mlikuwa na hofu, mmekasirika, na mlikuwa mnaimba pamoja. Wewe uliyekuwa na jani begani ndiye unayeniambia leo kwamba raha imehamia kwetu?

Mimi raha yangu niliiweka rehani. Nilipoondoka mama alinipa vikombe sita vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, amevifunga kwenye gazeti. Nikavisukuma chini ya kitanda, nitavifungua siku nikipata makaratasi. Miaka miwili vikakaa. Ile wiki miaka mitano ilipotajwa kuwa kumi nilivuta sanduku nikavitoa. Gazeti lenyewe lilikuwa la 2023, limejaa maandamano ya bei ya unga. Nilichemsha kahawa na tangawizi, nikawaita wenzangu wawili wa kazini, mmoja wa Zimbabwe, mmoja wa Kerala. Kashata sikuwa nazo, tukala tende. Kikombe kimoja kilivunjika jioni ileile. Nililia kidogo, tukaendelea kunywa. Sasa kila Jumapili tusiyo na zamu wanakuja, na hatuzungumzi viza mpaka kahawa iishe.

Ushauri umeomba, haya. Usije. Ila ukipata chuo cha kweli, barua mkononi na karo unajua itatoka wapi, njoo, tena usingoje baraka ya mtu. Simu izime baada ya sala ya isha, hizo video za watu wakitekwa na kubebwa na magari yasiyo na namba utaziona asubuhi na hazitakuwa zimebadilika. Lakini usiache kufuatilia, wanaotuibia wanapenda sana tukichoka. Jisajili kura, 2027 iko mlangoni. Kasirika, una haki. Kisha vuka feri, teremka ufukweni Mama Ngina jioni, ule mihogo na ndimu na pilipili, utazame meli zikiingia bandari ya Kilindini. Nenda na mtu. Usiende peke yako ukakaa na simu pale kama mlinzi wa zamu.

Na kama hukusikia jingine lolote, nifanyie hili. Vijiwe vya mdako bado anavyo nyanya yako, vimo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Atakwambia magoti hayamruhusu kukaa chini. Mpe kiti, mwekee sinia mapajani, wewe ukae mkekani. Nirekodie. Usiniwekee muziki juu yake, nataka nisikie vile vijiwe vinavyogonga sinia na yeye anavyokucheka ukikosa. Zamu yangu inaisha saa moja asubuhi, nitafungua simu nikiwa kituo cha basi.