Gari Linalochelewa Kuwaka Asubuhi

SWALI: Gari langu la petroli hulala nje, karibu na bahari. Kila asubuhi stata huzunguka kwa uvivu, taa hufifia, na injini huitika kwa jaribio la tatu. Fundi ameniambia ninunue stata mpya. Je, nimsikilize? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe pesa bado. Taa zinazofifia stata inapozunguka huonyesha kwamba umeme wa kutosha haufiki, na kwa gari linalolala kwenye upepo wa chumvi kama wa Mombasa, mshukiwa wa kwanza ni vichwa vya betri, ambavyo huota ungaunga mweupe au wa kijani. Zima gari, fungua waya wa hasi kwanza, sugua vichwa kwa brashi na maji yaliyotiwa magadi, vikaushe, kaza waya ukimalizia na ule wa hasi, kisha paka grisi kwa juu. Utazame pia waya wa hasi pale unaposhikana na bodi ya gari. Huoza kimyakimya, na mafundi wengi hawaujali.

Hali ikibaki vilevile, pima betri kwa mita ya volti asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 ni betri iliyojaa, ilhali 12.2 ni karibu nusu. Injini ikinguruma, mita isome takriban 13.8 hadi 14.5, ikipungua, chunguza alteneta, yaani mashine inayochaji betri, na mkanda wake. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kuwasha, kwa kawaida imechoka, ingawa stata mbovu inayovuta umeme kupita kiasi nayo huweza kuishusha hivyo. Basi jaribu kwanza betri nyingine iliyo nzima. Stata ikizidi kusuasua, fundi wako alikuwa na haki.