Telluride: tafuta kitanda na pumzi kabla ya tiketi

Msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira. Tiketi ya tamasha alikuwa nayo mkononi, pa kulala hana, akalala kwenye gari huku kichwa kikimgonga. Lawama zote kawatupia waandaaji. Samahani, ndugu yangu, hapo umekosea wewe.

Telluride, jimbo la Colorado, Marekani, ni mji wa wachimba madini uliobanwa mwisho wa bonde, milima pande tatu. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 2,607. Tamasha la bluegrass, muziki wa asili wa Kimarekani wa banjo na fidla, lililoanza 1974, huchukua siku nne mwezi Juni, na vitanda haviongezeki kwa sababu wageni wameongezeka. Kwa hiyo shika kwanza chumba kinachokubali kufutwa bila faini, tiketi baadaye. Mjini kukijaa, tafuta Mountain Village ng'ambo ya mlima: gondola ya bure, kibanda kinachoning'inia kwenye waya, hukuvusha kwa dakika 13. Ila majira ya kuchipua na ya kupukutika husimama kwa matengenezo, na hapo utazunguka kwa barabara. Wa tamasha la filamu, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, msinunue pasi kwa ajili ya filamu fulani. Ratiba hufichwa hadi mkesha wa ufunguzi.

Sasa kichwa. Mji uko mita 2,667 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi inakupa kama robo tatu tu ya oksijeni uliyoizoea pwani. Maumivu hayaji ukishuka garini. Huja saa sita hadi kumi na mbili baadaye, ndiyo maana watu hujidanganya jioni ya kwanza, wakanywa bia na kucheza. Ukiweza, lala usiku mmoja Denver, kwenye mita 1,600. Siku ya kwanza tembea Colorado Avenue tu, utazame majengo ya kale. Mtaa huo ndio Butch Cassidy, jambazi maarufu wa Marekani, alipoibia benki mwaka 1889. Pombe iache. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usipande zaidi. Ukianza kuyumba, au kuhema hata umekaa, shuka usiku huohuo na utafute daktari. Dawa ya kupunguza maumivu haitibu hali hiyo, inaificha.

Siku ya pili nenda Bear Creek, njia inayoanzia mwisho wa Pine Street kusini na kupanda taratibu hadi kwenye maporomoko. Njia ya Jud Wiebe ngoja siku ya tatu: ni mzunguko wa kilomita tano hivi, lakini unapanda takribani mita 400, na mwanzo wake ni mkali kuliko ramani inavyoonyesha.

Julai na Agosti ondoka alfajiri. Mawingu hujikusanya kabla ya adhuhuri, na saa nane mchana radi inaweza kuwa juu ya kichwa chako. Kufikia saa sita uwe umeshaacha vilele na kurudi kwenye miti. Koti la mvua libebe hata anga ikiwa safi. Kwenye tamasha lenyewe, jua la mchana linababua ngozi, na usiku wa Juni baridi hukaribia nyuzi tano. Sweta libaki begani, si hotelini.

Na simu ikikuonyesha njia ya mkato kupitia Black Bear Pass, barabara mbovu ya milimani, ipuuze. Njia hiyo huingia mjini kwa kuteremka upande mmoja tu, juu ya maporomoko ya Bridal Veil, kwa kona ambazo gari refu hulazimika kurudi nyuma ili likate. Gari dogo la kukodi halina pa kugeuzia.