Barua kwa mwanangu: kuhusu cherehani ya bibi yako na hiyo motisha unayoitafuta

Mwanangu,

Salaam aleikum. Voisi yako niliisikiliza jana usiku, leo asubuhi nikairudia nikiwa nakuna nazi. Kujibu kwa sauti siwezi, nikianza kuongea naishia kuuliza kikohozi cha mjukuu wangu, ndo maana nakuandikia, na itakua ndefu, isome mtoto akilala.

Umeniuliza hivi. Uko nyumbani mwezi wa nne sasa tangu mkataba uishe, chumba na sebule vimejaa mpaka huna pa kuweka mguu, cherehani ya bibi imefunikwa shuka na juu ya shuka kuna rundo la nguo za kukunja, kila ukiamka unasema leo napunguza vitu alafu nakaa nashona, jioni inafika hujapunguza wala hujashona. Ukamalizia, mama, motisha naitoa wapi.

Mwanangu, hilo neno motisha sisi walimu tulilisikia kwenye semina tu, na maana yake ilikua hela. Lililonishika mimi ni lile jingine, kupunguza, umelitaja mara tano nimehesabu. Niliwahi kuona nyumba inapunguzwa usiku mmoja, na mpaka leo nikiona mtu anabeba furushi gizani moyo unanilipuka. Hii sijawahi kuwasimulia, wewe wala kaka yako.

Mwaka 1983 nilikua darasa la nne, tunakaa Ngamiani, hapa hapa Tanga, kwenye ile nyumba waliyokuja kuiuza wajomba zenu. Vitu vilikua havipatikani. We umezaliwa umekuta mitumba imejaa soko la Mgandini inakanyagwa, huwezi kuelewa, kanga zikifika dukani unajua kwa mbio za watu, foleni inapangwa kwa mawe, mtu anaweka jiwe lake anaenda kupika anarudi. Tulifua kwa majani ya mpapai. Mpaka na Kenya ulikua umefungwa tangu 1977 lakini Tanga na Vanga ya Kenya ni pua na mdomo, vitu vikapita kwa njia za panya na kwa majahazi, na vitambaa vingi vya bibi yako vilikuja hivo. Hakuwa mlanguzi, nakuomba ulishike hilo. Alikua fundi, anashona magauni ya harusi na sare za shule, na fundi bila kitambaa atashona nini? Chini ya kitanda chake kulikua na jora la bafta, doti saba za kanga, poplini ya bluu ya sare waliyoleta wateja, na kipande kimoja cha pinki chenye madoa meupe, yadi mbili na nusu. Hicho kilikua changu, cha gauni la Idi, alikua keshanipima. Kila nikitoka shule naingia uvunguni nakishika.

Basi mwezi wa tatu mwishoni ukaanza msako wa wahujumu uchumi, yaani waliodaiwa kuficha na kulangua bidhaa. Watu wakaanza kutupa mali, wengine baharini, wengine visimani, unaamka asubuhi unakuta sabuni na vitambaa mtaroni na hakuna anayethubutu kuviokota. Mtaa wa nyuma yetu akachukuliwa mzee mmoja mwenye duka. Babu yako alikua karani, mtu wa watu, ila mwoga, siku ile hakula. Na bibi yako hakuwepo, alikua msibani Pongwe. Usiku babu akaniamsha akasema shika koroboi. Akatoa vyote uvunguni, akavifunga kwenye shuka, tukaenda uani kwenye choo cha shimo. Furushi halikupita kwenye tundu, ikabidi alifungue, akawa anatumbukiza kimoja kimoja na kusukuma kwa ule mti wa kutegemezea kamba ya nguo. Cha pinki kilikua cha mwisho. Nilikiona mkononi mwake na sikusema baba hicho changu. Alitupa yeye, lakini nilimmulikia mimi.

Na hakuja mtu. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hakuna aliyegonga mlango wetu kupekua.

Babu yako simhukumu. Alikua na watoto sita ndani na hofu ile ilikua ya kweli, yule mzee wa duka alirudi baada ya miezi amekonda hata hakujulikana. Ila angemngoja mkewe. Siku mbili tu, angemuuliza. Vitu vilikua vya mwenzie, poplini ilikua ya watoto wa watu, huwezi kupunguza vitu vya mtu wakati hayupo, hata kama... Basi, niishie hapo, keshatangulia mbele ya haki.

Bibi akarudi siku ya tatu. Akainama, akachungulia, akainuka, akavua buibui. Hakupiga kelele. Wakakaa hawaongei mpaka nikaanza kuogopa ule ukimya kuliko mgambo. Kesho yake baada ya swala ya alfajiri nikasikia gunia linaburutwa. Babu alisahau gunia la vipande nyuma ya mlango, gunia la katani, mabaki ya magauni ya watu ya miaka na miaka, nani angemkamata mtu kwa vipande? Bibi akalimwaga lote mkekani, akaanza kuchambua, na hapa ndo nataka usome polepole. Hakuna hata kimoja alichoshika akajiuliza nikitupe au nisikitupe. Alikua anatafuta vya kushona. Vipana akaviweka pamoja, vyeupe pamoja, vya maua pamoja, na vile vyembamba visivyofika vidole viwili akavitia kwenye foronya viwe vya kujazia mto. Jua linachomoza gunia limeshakua mafungu, mkekani kuna nafasi ya kukaa. Akafunua cherehani, hiyohiyo iliyo kwako. Nikamuuliza, mama leo unashona? Akanijibu, lete mkasi.

Idi ya mwezi wa saba nikavaa gauni la vipande kumi na nane. Mkono mmoja maua, mwingine mistari, kiunoni mkanda wa bafta. Ile picha ya studio iliyoko ukutani kwangu, mnayopenda kusema mama alikua na usingizi, sikua na usingizi. Nilikua nimelia njia nzima kwasababu mtoto wa jirani aliniuliza gauni langu limeraruka wapi mpaka likashonwa hivo. Picha ni nyeusi na nyeupe, rangi hazionekani. Lakini mwanangu lilikua zuri! Nililijua uzuri wake nikiwa mkubwa, nilipojaribu kuunganisha vipande hivo mwenyewe nikashindwa kupatanisha pindo, yeye aliyakutanisha maua na maua mpaka huoni mshono. Lingekuwepo leo ningelivaa hata begani.

Sasa nilitaka nikuambie umeona, bibi yako hakungoja motisha. Nimeiandika sentensi hiyo alafu nimekaa naitazama, na sina hakika nayo. Pengine aliamka kwa hasira, na hasira inamwinua mtu kitandani. Pengine aliamka kwasababu wateja wangekuja kuulizia poplini yao, na kweli walikuja, na alilipa kidogo kidogo mpaka mwaka uliofuata. Alikua anadaiwa. Wewe huna mtu aliyesimama mlangoni anaulizia sare, uko nyumbani na watoto wawili, siku zinafanana, kushona bila wa kushonewa ni kugumu hata kwa fundi. Kwahiyo nisikulinganishe na bibi yako, haikua haki nilivyoanza kukulinganisha.

Lakini mimi lile nalolisema siku zote narudia, mtanisamehe, kitambaa kisichoshonwa kinakudai. Vitu vyako havikuchoshi kwa wingi. Ukiwa Tanga hapa ulilala chumba kimoja na wenzio watatu na magunia ya mahindi na hukuwahi kulalamika, maana yale mahindi hayakua yanakutaka chochote. Hivi vya sasa kila kimoja kinakutazama. Kitenge ulichoahidi kumshonea shangazi yako, suruali ya mumeo ya kupunguza miguu tangu kabla ya Ramadhani, uzi wa kufumia vitambaa vya makochi uliofika nusu. Hivo ndo vinavyokufanya uchukue simu ukae kitandani, vyote vinaita kwa pamoja na hujui uitike kipi.

Basi achana na stoo, achana na maboksi ya uvunguni. Chukua mfuko mmoja wa vitambaa, umwage kitandani mtoto akilala ile saa nne, na kila kipande ukiulize cha nani. Chenye mwenyewe weka huku, kisicho na mwenyewe wala kazi weka kule. Suruali ya mumeo ianze, ni kazi ya nusu saa, na ikitoka mkononi utaona mwenyewe. Nguo za mtoto wa kwanza mpe jirani yako mwenye mimba, usizitunze kwa ajili ya huyo ambaye hajatungwa, unyevu wa Dar unaujua, zikikaa mfukoni zinaota ukungu na ukizitoa mwakani hata za kugawa hazifai tena, na hilo nalo ni kama kutupa chooni ila polepole.

Cherehani usiikalie moja kwa moja, imelala muda. Fungua chini utoe mabaki ya uzi na vumbi kwa brashi kuukuu ya meno, tia mafuta ya cherehani (sio ya kupikia, utaiua), zungusha gurudumu kwa mkono mpaka liwe jepesi, alafu shona kwanza kwenye tambara mpaka lisitoke na alama ya mafuta. Mkanda ukiwa umelegea ukate kidogo uuunge tena. Badili sindano, namba 14 kwa vitenge na bafta, 16 ukikutana na jinzi. Na usiku ukiacha kazi usimalize mshono. Acha katikati, sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa. Asubuhi ukipita pale mkono unakwenda wenyewe, utataka tu kumalizia, na ukishamalizia umeshakaa. Hii bibi yako alikua anaifanya kila siku na sisi tukidhani ni usingizi umemshinda.

Zile sabufa mbovu za baba watoto nyuma ya mlango, usiziguse. Muulize. Hata zikikaa mwaka mwingine, muulize akiwepo, nimekwambia kwanini.

Na lile ulilolisema mwishoni, haraka haraka kama vile hutaki nisikie, kwamba unafikiria kuiuza cherehani upate nafasi ya kabati la watoto. Nimesikia. Sisemi kitu. Bibi yako alikupa wewe, mbele ya shangazi zako wote, na mimi mwenyewe nilikua nimekaa pale nikinyamaza, ni mali yako na nyumba ni yako na watoto wanahitaji kabati. Nimeandika mistari minne hapa nimeifuta. Ila nilipokuja mwezi ule wa mfungo niliupima ule ukuta wa nyuma ya mlango wa chumbani kwa kanga, na kabati la milango miwili linasimama pale, mlango utafunguka bila kugonga. Hilo tu. Ukiamua kuuza sitakasirika. Nitanyamaza siku kadhaa, usiogope, nitarudi.

Najua pia unachotaka kunijibu. Mama na kabati lako je, lile mnaloliita benki, vitenge kumi na nne havijaguswa. Ni kweli na sina la kujitetea. Na kuna kimoja hujawahi kukiona, kiko chini kabisa nimekifunga kwenye kanga. Pinki, madoa meupe. Nilikinunua 1993, mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, nikapimiwa yadi mbili na nusu wakati mimi mtu mzima na haikunitosha gauni, muuzaji akaniuliza mara mbili nikamwambia hizohizo. Miaka yote hii nikiwahubiria kitambaa kisichoshonwa kinakudai, hicho nakitoa nakianika nakirudisha. Kwa kuandika barua hii leo nimekitoa tena, nimekikagua, hakina hata tundu moja.

Kesho nampa kondakta wa basi la saa mbili asubuhi, namba yake nitakutumia, kipo kwenye mfuko mweusi pamoja na uzi wake na kopo dogo la mafuta ya cherehani. Mpime mjukuu wangu leo jioni kabla hajalala, kifua, urefu na mkono. Mabega usimbane, pindo liachie vidole vinne maana anarefuka huyo, na vipande vitakavyobaki nitunzie.

Mama yako