Valvu zinawaka, gitaa kimya

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mpiga gitaa wa bendi ya dansi hapa Tanga. Kaka yangu aliniletea amplifaya ya valvu (vile vichupa vya kioo vya kukuzia sauti) kutoka Marekani, wati 40, ina valvu mbili kubwa za 6L6 na tatu ndogo za 12AX7. Ni ya volti 120, kwa hiyo naitumia na transfoma ya kushushia umeme. Msimu wote wa masika ilikaa stoo. Juzi nimeiwasha: taa ya mbele inawaka, valvu zote zina wekundu ndani, lakini gitaa halitoi sauti hata kidogo, chaneli zote mbili. Ukisogeza sikio kwenye spika unasikia mvumo kwa mbali, basi. Fundi wa hapa kaniambia valvu zimekufa, niagize seti nzima. Niagize?

Jibu: Marahaba. Usiagize. Weka hela yako mfukoni kwanza.

Kilichomdanganya fundi wako, nadhani, ni ule wekundu: kaona valvu zinawaka na sauti hakuna, akahukumu. Wekundu ule ni moto wa kupasha valvu tu. Unakula volti 6.3, na ile taa ya mbele mara nyingi imefungwa kwenye njia hiyohiyo. Sauti inatoka njia nyingine kabisa, yenye volti 400 na ushei. Njia hiyo ikikatika, kwa mfano fyuzi yake ya ndani imeungua, amplifaya itaendelea kupendeza machoni huku spika imekufa ganzi: hakuna mvumo, hakuna msisimko, kama kabati.

Yako haiko hivyo. Umeniambia inavuma, na hilo ndilo neno muhimu kuliko yote uliyoandika. Mvumo maana yake volti kubwa ipo, zile 6L6 zinavuta umeme, transfoma ya sauti inafanya kazi na spika ni nzima. Nusu ya amplifaya tumeshaiweka kando bila kufungua skrubu hata moja.

Sijui kama umeshajaribu waya mwingine wa gitaa. Kama bado, anza na huo, na hakikisha swichi ya STANDBY haiko upande wa kulala. Usione haya, wapiga gitaa wakongwe nao wamenipigia simu usiku kwa sababu ya hiyo swichi.

Sasa geuza amplifaya uangalie nyuma. Nyingi za aina yako zina matundu mawili ya jeki, moja limeandikwa PREAMP OUT (sauti inatoka nusu ya kwanza) na jingine POWER AMP IN (inaingia nusu ya nguvu). Chukua waya mfupi wa gitaa, chomeka ncha moja huku na nyingine kule, kisha piga gitaa. Fanya hivyo sauti ikiwa imeshushwa chini, maana ikirudi inarudi kwa kishindo.

Matundu yale yamewekwa kwa ajili ya kuunganisha ekho na vifaa vingine vya nje. Usipochomeka kitu, sauti inapita ndani ya tundu kwa ulimi mdogo wa bati unaogusa bati jingine. Ukichomeka jeki, ulimi unainuka na njia inakatika, sauti inalazimika kutoka nje. Ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini mabati hayo yakikaa miezi bila kuguswa, tena kwenye stoo ya pwani, hewa ya chumvi na unyevu wa masika, yanaota utando mwembamba ambao hata kwa kurunzi huuoni. Ulimi umegusa, umeme haupiti. Waya wako mfupi unauruka ulimi huo.

Niliwahi kuletewa moja ya mpiga gitaa wa kwaya yenye ugonjwa kama huu. Siku mbili nabadilisha valvu, napima rezista moja baada ya nyingine, nimeshaanza kuandaa maneno ya kumwambia mwenyewe. Siku ya tatu nikachomeka jeki nyuma nikitaka kusikiliza nusu ya kwanza peke yake kwenye mixa. Nilipoichomoa, gitaa likalia. Kule kuchomeka na kuchomoa kulikuwa kumekwangua utando. Tangu siku hiyo kila amplifaya iliyo kimya naanzia mgongoni.

Sauti ikirudi, basi dawa ni hiyo: chomeka na uchomoe jeki mara ishirini hivi katika kila tundu, mashine ikiwa imezimwa, ukiwa na spirei ya kusafishia sehemu za umeme. Isiwe mafuta ya bawaba za mlango, yatakusanya vumbi na utarudi hapa mwakani.

Isiporudi, chomoa waya ule na uchomeke gitaa moja kwa moja kwenye POWER AMP IN, sauti ya gitaa juu kabisa. Utasikia gitaa dhaifu, kama linapigwa chumba cha pili. Ukilisikia, upande wa nguvu ni mzima na ubovu uko mbele, kwenye valvu ndogo mbili za kwanza na mazingira yake. Usiposikia chochote, mshuku wa kwanza ni valvu ndogo iliyo karibu na zile kubwa, ndiyo inayozigawia 6L6 kazi.

Hapo sasa ndipo unanunua valvu, moja tu, 12AX7. Ukipewa iliyoandikwa ECC83 ichukue, ni ileile kwa jina la Ulaya. Zima, ngoja ipoe, chomoa moja kwa kuivuta wima ukiitikisa kidogo, weka mpya, washa, ngoja dakika moja, sikiliza. Sauti haijarudi? Rudisha ya zamani, hamia nafasi inayofuata. Wakati mwingine hata kule kuchomoa na kurudisha kunaponya, maana miguu ya valvu nayo inaota utando. Ukiona valvu ambayo lile doa la rangi ya fedha au jeusi ndani ya kioo chake limegeuka jeupe kama maziwa, hiyo imeingia hewa, tupa.

Ukimaliza nafasi zote tatu bila mafanikio, ishia hapo, usifungue. Kapasita za ndani, vile vifaa vya kutunza umeme, zinaweza kushika volti zaidi ya 400 hata plagi ikiwa mkononi mwako. Mpelekee fundi mwenye mita na rezista ya kuzimwagia umeme huo, na umweleze majaribio yote uliyofanya, utampunguzia nusu ya kazi. Na katika kuhangaika kote huku usiiwashe amplifaya ya valvu bila spika. Transfoma ya sauti inaweza kuungua, na hiyo ndiyo ghali kuliko seti ya valvu.

Halafu ile transfoma yako ya kushushia. Angalia imeandikwa wati ngapi. Wati 40 ni za sauti. Ukutani mashine kama hiyo inaweza kuvuta 150 au zaidi. Kisanduku cha wati 100 kitachemka. Angalia pia kama tundu lake lina arthi, vingi havina. Bila arthi, siku moja mwimbaji wako atagusa maikrofoni kwa mdomo huku wewe umemshika bega na gitaa kifuani, na nyote wawili mtaruka.

Anza na waya mfupi. Sauti ikirudi na spirei huna, acha waya huohuo nyuma upige nao Jumamosi. Ukumbini hakuna atakayeuona.